Siku Tano Bila Jina: Homa ya Ruangwa ya Julai 2022 na Namna Hatari Yake Ilivyofikishwa kwa Wananchi

Mwanzoni mwa Julai 2022, wagonjwa wawili waliotibiwa Mbekenyera, wilayani Ruangwa mkoani Lindi, walionekana na dalili ambazo wahudumu wa afya hawakuzoea kuziona pamoja: homa, maumivu ya kichwa, mwili kuchoka kupita kiasi na damu kuvuja puani. Tarehe 7 Julai taarifa ilikuwa imefika Wizara ya Afya. Tarehe 13 Julai Mganga Mkuu wa Serikali, Dk. Aifello Sichalwe, aliutangazia umma kwamba wagonjwa wamefika 13, kwamba watatu kati yao wamefariki dunia, na kwamba sampuli zilizopimwa hazikuonyesha Ebola, Marburg wala UVIKO-19. Tarehe 18 Julai aliyekuwa Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, akiwa Lindi, alitangaza kwamba ugonjwa umetambuliwa: ni leptospirosisi, ambayo kwa Kiswahili inaitwa Homa ya Mgunda. Siku hiyo waliohesabiwa walikuwa 20, na vifo vilikuwa vilevile vitatu.

Kati ya matangazo hayo mawili kuna siku tano, na ndizo ninazozichambua hapa. Wakati ule nilikuwa nikisaidia kuhariri taarifa za afya katika redio moja ya jamii mkoani kwetu, kwa hiyo sehemu ya ninayoyaeleza ilitoka katika chumba nilichokuwa nimekaa mimi mwenyewe. Maoni yangu, baada ya kuyarudia yale tuliyoyatangaza na kuyalinganisha na yale ambayo wasikilizaji walituuliza, ni kwamba wananchi wa Ruangwa na Lindi kwa jumla hawakunyimwa habari. Habari zilikuwa nyingi, na serikali ilisema mapema kuliko ilivyozoeleka. Walichokosa ni ile sehemu ya habari inayomwezesha mtu kuipima hatari na kuamua afanye nini usiku ule, kabla maabara haijajibu. Sehemu hiyo ingeweza kutolewa, kwa sababu haikutegemea majibu ya maabara.

Nianze na maneno, kwa kuwa madhara ya kwanza yalitokea hapo. Katika vichwa vya habari vya siku zile ugonjwa uliitwa wa ajabu, na wengine wakauita ugonjwa usiojulikana. Sisi tulitumia yote mawili katika taarifa moja, kana kwamba yana maana moja. Lakini ajabu ni sifa ya kitu chenyewe. Ukiita ugonjwa wa ajabu, msikilizaji anaelewa kwamba ndani yake mna jambo lisilo la kawaida, lisilofuata njia ambazo magonjwa mengine hufuata, na katika vijiji vyetu jambo lisilofuata njia linatafutiwa maelezo kwingine, kwa mganga wa kienyeji au katika ugomvi wa zamani wa mpaka wa shamba. Usiojulikana ni afadhali, maana neno hilo linamzungumzia mtu aliyeshindwa kuujua wala haliuzungumzii ugonjwa. Hata hivyo bado lina tatizo, na hapa Kiswahili kilikuwa kimetuwekea mkononi chombo ambacho hatukukitumia. Kusema haujulikani na kusema haujajulikana ni mambo mawili. La kwanza limefunga mlango. La pili, kwa silabi moja tu, linamwambia msikilizaji kwamba kuna watu wanaotafuta, kwamba kazi inaendelea na kwamba jibu linasubiriwa. Hali halisi ya tarehe 13 Julai ilikuwa hiyo ya pili, kwani sampuli zilikuwa maabara na wataalamu walikuwa wilayani. Tulikuwa na neno sahihi kwa hali hiyo, neno ambalo mtoto wa darasa la pili analitumia bila kufikiri, na hatukulitumia.

Siku ya pili baada ya tangazo, bibi mmoja anayeuza maandazi karibu na studio alinisimamisha asubuhi. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akauliza swali ambalo nimelibeba tangu siku ile: "Mwanangu, huo ugonjwa wa damu, mtu anaupata kwa kukaa na mgonjwa, au unaupata wapi?" Mjukuu wake alikuwa Ruangwa kwa shemeji yake, na gari la kumrudisha Lindi lilikuwa la mchana. Alitaka kujua amwite au amwache. Nilimjibu kwamba bado haijajulikana. Jibu hilo lilikuwa la kweli, na halikumsaidia kitu. Niliporudi ndani nikaifungua taarifa yetu ya jana usiku, nikaona kwamba ndani yake mlikuwa na idadi ya wagonjwa, idadi ya vifo, cheo cha kila aliyenukuliwa na majina ya magonjwa matatu ambayo ugonjwa huu haukuwa. Hapakuwa na sentensi hata moja inayomhusu bibi yule na mjukuu wake.

Hayo magonjwa matatu yanastahili kuangaliwa peke yake. Kutangaza kwamba vipimo havikuonyesha Ebola wala Marburg lilikuwa jambo sahihi kabisa kwa wizara, kwa sababu homa yenye kuvuja damu ndiyo inayowafanya wataalamu popote duniani wayafikirie magonjwa hayo kwanza, na kuyaondoa ni hatua kubwa. Tatizo lilikuwa katika namna sisi wa vyombo vya habari tulivyoipanga sentensi hiyo na mahali tulipoiweka. Mtu anayesikiliza redio huku anachambua mboga au anaendesha bodaboda hasikii sentensi nzima, ila husikia neno lenye uzito. Akisikia Ebola, damu na Ruangwa katika pumzi moja, kile kikanusho kidogo kilichokaa katikati kinapotea njiani. Kufikia jioni ujumbe wa sauti uliokuwa ukizunguka kwenye simu za watu ulisema kwamba Ebola imeingia Ruangwa na serikali inakanusha. Aliyeurekodi hakuwa mwongo kwa makusudi, nadhani, kwani alikuwa amekumbuka lile neno zito na kusahau lile jepesi, kama ambavyo wengi wetu tungefanya. Kama tungeanza na kile kilichokuwepo, yaani homa ambayo chanzo chake hakijajulikana, na baadaye, katika sentensi ya pekee yenye sababu yake, tukaeleza kwamba wataalamu hupima magonjwa makali zaidi kwanza ili kuyaondoa, na kwamba wameshayaondoa, neno lile lisingesafiri peke yake.

Ikumbukwe pia kwamba msikilizaji huyu alikuwa ametoka katika kipindi kigumu. Takwimu za korona zilisimama kutolewa kwa umma nchini tangu mwishoni mwa Aprili 2020, na zaidi ya mwaka mmoja ukapita kabla hazijaanza kutolewa tena. Mtu aliyeishi kipindi hicho amejifunza kusikiliza kile kisichosemwa. Ukimwambia hakuna Ebola, anajiuliza kwa nini umeitaja.

Siku moja kabla ya tangazo la Mganga Mkuu, Rais Samia Suluhu Hassan naye alikuwa ameugusia ugonjwa huo, akieleza kwamba huenda unatokana na watu na wanyama wa porini kukaribiana zaidi kutokana na uharibifu wa mazingira. Dhana hiyo haikuwa mbali na kweli iliyokuja kuthibitishwa, kwa kuwa leptospirosisi ni ugonjwa unaotoka kwa wanyama. Lakini ilipofika kwenye taarifa fupi, ilibaki wanyama wa porini tu, na kwa mtu wa Ruangwa wanyama wa porini ni nguruwe pori, nyani na ndovu wanaoingia mashambani. Hakuna aliyemfikiria panya aliye darini mwake. Mwandishi aliyekuwa na dakika mbili zaidi angeweza kumuuliza mtaalamu ni wanyama gani wengine, hata wa nyumbani, ambao hueneza homa za namna hiyo, na angepata jibu lenye manufaa siku sita kabla ya jina la ugonjwa kujulikana.

Sasa tuje kwenye hesabu, ambapo nadhani ndipo tulipokosea zaidi, ingawa hakuna tarakimu hata moja tuliyoitangaza vibaya. Tarehe 13 wagonjwa walikuwa 13 na vifo vitatu. Ukigawanya, ni takriban asilimia 23. Tarehe 18 walikuwa 20 na vifo vitatu, ambayo ni asilimia 15. Katika siku hizo tano vyombo vingi viliripoti kwamba idadi imepanda, na kweli ilipanda. Kwa aliyesikia tu kwamba imepanda, ugonjwa ulikuwa unasambaa kwa kasi. Lakini idadi ya wagonjwa hupanda kwa sababu mbili tofauti: ama watu wapya wanaambukizwa, ama watu waliokuwa tayari wagonjwa wametafutwa na kupatikana. Timu ya wataalamu inapoingia wilayani, ikapita vituoni na vijijini kuuliza nani ana homa, idadi itapanda hata kama ugonjwa umeanza kupungua. Dalili moja ya kutazama ni vifo, na vifo havikuongezeka. Habari iliyosema wagonjwa wameongezeka kutoka 13 hadi 20 na ikaishia hapo ilimpa msikilizaji nusu ambayo ilikuwa kinyume cha habari nzima, kwa sababu habari nzima ilikuwa kwamba wamepatikana wengine saba na hakuna kifo kipya kilichotangazwa.

Kuna hesabu nyingine ambayo hatukuifanya kabisa. Sensa ya mwaka 2012 iliihesabu wilaya ya Ruangwa kuwa na watu zaidi ya 131,000, na bila shaka walikuwa wameongezeka kufikia mwaka 2022. Wagonjwa 20 katika watu 131,000 ni chini ya wawili kwa kila watu 10,000. Kwa hiyo kulikuwa na kauli mbili za kweli kuhusu jambo moja. Ya kwanza: kati ya kila watu 100 waliogunduliwa kuugua, 15 walikufa. Ya pili: kati ya kila watu 10,000 wa wilaya, hawakufika wawili walioonekana kuugua. Ya kwanza inamhusu mtu aliyekwisha kuugua, nayo inamwambia asichelewe. Ya pili inamhusu mtu mzima anayejiuliza kama atoke nyumbani, na inamwambia kwamba uwezekano ni mdogo. Tuliwapa watu wote kauli ya kwanza tu. Matokeo yake ni kwamba aliye mzima aliogopa kana kwamba ni mgonjwa, na aliye mgonjwa hakuambiwa kwamba kauli hiyo ni yake na kwamba njia ya kujiokoa ni kuwahi kituoni.

Hata ile asilimia 15 yenyewe ilihitaji maelezo, maana waliohesabiwa ni wale waliofika kituoni au waliotafutwa kwa dalili kali. Watu wengi wanaopata leptospirosisi huugua homa ya kawaida na kupona, na wachache ndio hufikia hatua ya figo na ini kushindwa kufanya kazi, macho kuwa ya manjano na damu kuvuja. Wale wa homa ya kawaida hawakuingia katika hesabu. Ukihesabu waliozidiwa peke yao, ugonjwa wowote utaonekana muuaji kuliko ulivyo. Jambo hili linaelezeka kwa mfano wa nyumbani: aliyesimama mlangoni pa hospitali akahesabu waliovunjika miguu hawezi kujua ni watu wangapi walioteleza siku ile wakainuka na kwenda zao.

Na tuitazame damu ya puani. Ilikuwa dalili halisi, iliyoandikwa na wahudumu, lakini ndani ya siku mbili ilikuwa imekuwa ndiyo jina la ugonjwa. Watu walisema "ule wa damu puani", nasi tukawafuata. Homa, ambayo ndiyo dalili inayotangulia na inayompa mgonjwa nafasi ya kutibiwa mapema, ikafunikwa. Julai kwetu ni wakati wa ukavu na upepo, na damu ya puani kwa watoto katika majira hayo ni jambo ambalo kila mama analijua. Mtaani ninakoishi, mtoto wa jirani wa miaka kama saba alitokwa na damu puani akicheza mpira wa makaratasi, na mama yake akamfungia ndani siku mbili. Hakumpeleka zahanati. Aliniambia baadaye, akiwa amekaa kizingitini na khanga imefungwa kifuani, kwamba hakuwa na hofu ya mtoto kufa, kwa sababu alimwona anakula na anacheka. Aliogopa kwamba wangemchukua na kumtenga, na yeye asingeruhusiwa kumfuata. Alikuwa amesikia neno kutengwa katika taarifa, na hakusikia mahali popote ni nani anayetengwa, wapi, kwa siku ngapi, na kama mzazi anaruhusiwa kuwa naye. Mtoto yule hakuwa na homa hata kidogo. Sentensi moja tu, kwamba damu ya puani bila homa si lazima iwe dalili ya ugonjwa huu unaochunguzwa, ingemwacha mtoto acheze, na sentensi nyingine kuhusu kutengwa ingemwezesha mama wa mtoto aliyekuwa mgonjwa kweli kufika kituoni bila woga.

Mtafiti wa Marekani Paul Slovic, katika makala yake ya mwaka 1987 kuhusu namna watu wanavyoitazama hatari, alionyesha kwamba mambo mawili huikuza hatari machoni pa watu kuliko idadi ya vifo: kutisha kwake na kutojulikana kwake. Damu ilileta la kwanza, na neno ajabu likaleta la pili. Malaria, ambayo mkoani Lindi ni ya kila siku, haina hata moja kati ya hayo, ndiyo maana tangazo la chandarua husikilizwa kwa sikio moja. Silaumu woga wa watu. Mtu anayeogopa jambo asilolijua na linalotoa damu ana akili timamu. Kazi ya mtangazaji ni kupunguza lile la kutojulikana kadiri linavyoweza kupunguzwa kwa ukweli, kila siku kidogo, na hapo ndipo pa kujiuliza tulifanya nini kati ya tarehe 13 na 18.

Tarehe 18 jina likaja, na kwa maoni yangu jina hilo lilikuwa kazi nzuri ya mawasiliano kuliko yote yaliyotangulia. Mgunda, katika lugha kadhaa za Kibantu, Kiyao kikiwemo, ni shamba. Msikilizaji wa kusini aliyesikia Homa ya Mgunda alipata, ndani ya jina lenyewe, mahali ugonjwa unapopatikana na watu unaowapata. Leptospirosisi husababishwa na bakteria wanaoishi katika figo za wanyama, panya wakiwa mbele, na hutoka katika mkojo wao. Mkojo huo huingia katika maji, udongo wenye unyevu au chakula, na bakteria humwingia mtu kupitia mchubuko wa ngozi au kupitia macho, pua na mdomo. Mtu kumwambukiza mtu ni jambo la nadra sana. Dalili huanza kati ya siku 2 na 30 baada ya kuambukizwa, mara nyingi kati ya siku 5 na 14. Hutibika kwa dawa ambazo si ngeni katika vituo vyetu, kama doksisaiklini na penisilini, hasa zikianza mapema. Watafiti wamekadiria kwamba kila mwaka zaidi ya watu milioni moja huugua duniani na karibu 60,000 hufa. Si ugonjwa wa ajabu hata kidogo, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, wamekuwa wakiuchunguza kwa wanyama na kwa watu kwa miaka mingi.

Siyo mara ya kwanza kwa kusini kutoa jina lenye maelezo ndani yake. Mwaka 1952 hadi 1953, katika Nyanda za Juu za Makonde, upande wa Newala mkoani Mtwara wa leo, kulitokea mlipuko wa homa yenye maumivu makali ya viungo. Madaktari wa wakati huo walidhani ni dengi. Wenyeji walikuwa wamekwisha kuuita kwa Kimakonde kwa neno lenye maana ya kile kinachomkunja mtu, kwa sababu mgonjwa hakuweza kunyooka kwa maumivu, na neno hilo, chikungunya, ndilo ambalo leo limeandikwa katika vitabu vya tiba vya dunia nzima. Waliolitunga hawakuwa na maabara. Walimtazama mgonjwa, wakasema walichokiona, wala hawakuongeza kisichokuwepo. Nyanda zile hazina maji ya juu ya ardhi, watu walihifadhi maji ndani ya nyumba, na mbu wanaoeneza virusi vya chikungunya huzaliana katika maji ya namna hiyo. Kila nikilifikiria jina hilo naona kwamba habari ya afya inayotajwa kwa dalili na mahali pake humsaidia mtu zaidi kuliko ile inayotajwa kwa hisia za aliyeiandika.

Ila jina lilipokuja, habari ilianza kupungua. Hili nalisema kuhusu redio yetu, kwa kuwa ndiyo ninayoijua kwa ndani. Kati ya tarehe 13 na 18 habari ya Ruangwa ilikuwa ya kwanza kila usiku. Tarehe 19 ilikuwa ya pili. Kabla wiki haijaisha ilikuwa imetoka, na mahali pake pamechukuliwa na bei ya ufuta katika minada ya vyama vya ushirika. Kwa hiyo siku ambazo hatukuwa na la kumwambia mtu afanye tulimpa habari kwa wingi, na siku ambazo tulikuwa na la kumwambia tukanyamaza. Bei ya ufuta ni habari halali, na watu waliihitaji. Lakini ufuta wenyewe ulikuwa ndani ya habari ya homa, kwa maana magunia yanayosubiri kupelekwa ghalani hukaa ndani ya nyumba, mara nyingi chumba kilekile watu wanacholala, na panya huyafuata. Habari hizo mbili zilipaswa kusomwa pamoja: uza ufuta wako kwa bei hii, na wakati unasubiri mnada weka magunia mbali na vyombo vya maji, funika mtungi, usioge wala usifue katika maji yaliyotuama, vaa buti au viatu vilivyofunika mguu unapoingia shamba lenye maji, na kidonda cha mguuni kifunge kabla ya kutoka.

Kuna sababu nyingine ya kuendelea na habari hiyo, nayo inahusu malaria. Kati ya mwaka 2007 na 2008 watafiti walifuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za Moshi. Madaktari waliwaandikia malaria wagonjwa 528. Vipimo vya kina vilionyesha kwamba waliokuwa wakiugua kwa sababu ya malaria walikuwa 14 tu. Magonjwa ya bakteria yatokayo kwa wanyama, leptospirosisi ikiwa mojawapo, yalikuwa mengi kuliko mtu yeyote alivyotarajia, na katika waliolazwa hakuna hata mmoja aliyeandikiwa ugonjwa huo mwanzoni. Moshi si Ruangwa, na huko kwetu malaria ni nyingi kuliko kule. Hata hivyo matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 2013, yanamfundisha msikilizaji jambo la kufanya: homa ikipimwa, kipimo kikasema si malaria, asirudi nyumbani na vidonge vya maumivu akaridhika. Amweleze mhudumu analima wapi, kama amepita kwenye maji, kama nyumbani kuna panya wengi. Mhudumu mwenye wagonjwa 40 mlangoni hana muda wa kuuliza yote hayo, na mgonjwa aliyeyasikia redioni anaweza kuyataja mwenyewe.

Wiki chache baadaye nilikaa nikaiandika upya taarifa yetu ya usiku wa tarehe 13, nikitumia yale tu yaliyokuwa yakijulikana usiku ule. Ilikuwa hivi:

"Wilayani Ruangwa kuna homa ambayo chanzo chake hakijajulikana. Watu 13 wamegunduliwa kuwa nayo na watatu kati yao wamefariki. Wataalamu wako wilayani na sampuli zinapimwa. Bado haijathibitishwa kama mtu anaweza kumwambukiza mwenzake, kwa hiyo anayemuuguza mgonjwa asiguse damu yake kwa mikono mitupu, na anawe kwa sabuni kila anapomhudumia. Mwenye homa, hasa homa inayoambatana na damu kutoka puani, aende kituo cha afya siku hiyohiyo asisubiri kesho. Mtoto anayetokwa na damu puani bila homa si lazima awe na ugonjwa huu. Wataalamu wamepima magonjwa makali zaidi ili kuyaondoa, na hayakupatikana. Kesho saa mbili usiku tutawaeleza kilichoongezeka."

Taarifa hiyo si ndefu kuliko ile tuliyoisoma. Niliihesabu, ni fupi kwa mistari minne. Wenzangu walipoisoma, mmoja aliuliza kama haitishi kusema wazi kwamba bado haijathibitishwa. Tulibishana kidogo. Msimamo wangu ulikuwa, na bado ni huohuo, kwamba kinachowatisha watu ni lile pengo linaloachwa wazi bila kupewa jina, wakalijaza wenyewe. Pengo lililotajwa, likaambatanishwa na jambo la kufanya na saa ya kupata habari nyingine, mtu anaweza kuishi nalo hadi kesho usiku.

Mjukuu wa yule bibi alibaki Ruangwa wiki mbili zaidi kuliko ilivyopangwa, akarudi mzima. Bibi hakuniuliza tena. Desemba, mvua zilipoanza na watu wakaingia mashambani kupanda, tuliitoa ile karatasi, tukaongeza yaliyokuwa yamejulikana tangu Julai, na tukaisoma asubuhi kabla watu hawajatoka kwenda shamba, mara tatu kwa wiki. Mstari wa kwanza tuliubadilisha. Ulianza kwa swali lake: huo ugonjwa, mtu anaupata wapi?